Edel Quinn, Mgonjwa Aliyetuletea Matumaini



Kamati ya Jubilei ilipoamua kwamba kijitabu hiki kiwe na maisha ya mtu mmoja aliyetutangulia katika imani, majina yaliletwa mengi. Wengi walimtaka Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa waimbaji, lakini maisha yake yameshaandikwa katika karibu kila kijitabu cha kwaya hapa Nairobi. Hatimaye tukamchagua mwanamke ambaye pengine hakuwahi kuimba katika kwaya yoyote, ila kaburi lake liko humu humu jijini, safari ya matatu mbili kutoka Kayole. Mwaka huu wa 2025, kwaya yetu inapotimiza miaka 25, Kanisa lote ulimwenguni linaadhimisha Jubilei ya matumaini. Tuliona si vyema kutafuta mfano ng'ambo na huku mmoja amelala pale Msongari.

Jina lake ni Edel Mary Quinn. Alizaliwa tarehe 14 Septemba 1907 karibu na mji mdogo wa Kanturk, katika kaunti ya Cork nchini Ireland, akiwa kifungua mimba wa wazazi wake. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa benki, na kila alipohamishwa jamaa yote ilifunga mizigo ikamfuata. Kwa hiyo Edel alikua akihama mji baada ya mji, jambo ambalo watoto wengi wa Kayole wanalielewa, ingawa sisi tunahama kwa sababu ya kodi. Alipelekwa Uingereza kusoma katika shule ya masista, lakini mambo ya fedha nyumbani yalipoharibika masomo yakakatika. Akarudi Ireland kuisaidia jamaa yake, akiwa bado msichana wa chini ya miaka ishirini.

Alisomea ukatibu. Hapa msomaji atusamehe tukikawia kidogo, kwa sababu sisi tunaoshika daftari la kumbukumbu za kwaya tulifurahi sana kulijua hili. Mtu huyu ambaye Kanisa linafikiria kumweka kati ya watakatifu alikuwa katibu wa ofisi mjini Dublin, kazi yake kupiga taipu, kujibu barua na kupanga makaratasi. Alikuwa mchangamfu, akipenda tenisi na dansi, na waliomjua walikumbuka zaidi kicheko chake kuliko kitu kingine chochote. Mkuu wake wa kazi, kijana Mfaransa, alimpenda akamwomba amwoe. Edel alimkatalia kwa upole, kwa kuwa moyoni alishaamua kuingia utawa kwa masista Waklara wa Belfast, wale wasiotoka nje ya kuta za monasteri yao. Wakabaki marafiki wa kuandikiana barua.

Katika miaka hiyo ya kungoja kuingia utawani ndipo alipojiunga na Legio ya Maria, mwaka 1927. Kwa faida ya vijana wetu, tueleze kidogo. Legio ya Maria ni chama cha walei kilichoanzishwa Dublin tarehe 7 Septemba 1921 na Frank Duff, mtumishi wa serikali, pamoja na kikundi kidogo cha wanawake. Kisichanganywe na Legio Maria, lile kanisa lililojitenga na Wakatoliki huko magharibi mwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambalo waumini wake tunapishana nao huku Eastlands wakiwa katika kanzu zao. Jina wamelichukua kutoka kwa chama hiki, lakini ni kanisa lingine.

Utaratibu wa Legio ni rahisi mno. Kikundi kidogo hukutana kila wiki. Wanasali, kisha kila mmoja anapewa kazi ya wiki hiyo: kumtembelea mgonjwa fulani, kumfuata aliyeacha kanisa, kuzungumza na aliye mpweke. Hawaendi peke yao, wanakwenda wawili wawili. Wiki inayofuata wanarudi, wanatoa taarifa, katibu anaandika. Basi. Edel alipewa kuongoza kikundi kilichowatembelea wanawake waliouza miili yao mitaani Dublin, kazi ambayo wengi hawakudhani binti mdogo kama yeye angeiweza. Aliiweza.

Mwaka 1932 wakati wa kwenda Belfast ulifika. Ndipo ikagundulika kwamba ana kifua kikuu, tena kilichokwisha kula mapafu kwa kiasi kikubwa. Milango ya monasteri ikafungwa.

Tusimame hapa kidogo, maana kijana wa leo akisikia kifua kikuu huwaza dawa za miezi sita zinazotolewa bure katika hospitali za serikali. Mwaka 1932 dawa haikuwapo. Tiba ilikuwa kulala, kula vizuri, na kulazwa penye hewa safi hata katika baridi kali, ukingoja mwili wenyewe ushinde au ushindwe. Edel alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa kifua huko Newcastle, kaunti ya Wicklow, akakaa humo miezi kumi na minane. Hakupona. Alipoona kwamba gharama zinawalemea wazazi wake na nafuu yenyewe haionekani, aliomba kutoka, akarudi Dublin, akatafuta kazi ya ofisi tena, na taratibu akarudi kwenye mikutano ya Legio.

Sisi tulipofika hapa katika kusoma maisha yake tulijiuliza swali ambalo tunadhani ndilo kiini cha habari yenyewe. Mtu aliyepoteza afya, ndoa aliyoikataa na utawa aliokataliwa, anabaki akitumaini nini? Ingekuwa rahisi kujibu kwamba alitumaini kupona. Lakini hakuna dalili kwamba alijidanganya hivyo. Aliijua hali ya mapafu yake. Kwa kadiri tunavyomwelewa, aliacha kuuliza amebakiza miaka mingapi, akaanza kuuliza wiki hii kuna kazi gani.

Mwaka 1936 baraza kuu la Legio lilikuwa likitafuta mjumbe wa kupeleka Afrika Mashariki. Askofu John Heffernan alikuwa ameomba msaada huo. Nairobi wakati huo ilikuwa chini ya Vikarieti ya Zanzibar, na yeye ndiye aliyekuwa Vikari wake, ingawa makao yake yalikuwa hapa Nairobi. Jina la Edel lilipotajwa barazani, wengine walipinga. Walisema ni sawa na kumtuma msichana akafe. Edel alikuwapo. Alisimama akawaeleza kwa utulivu kwamba anajua anakokwenda na anajua hali ya safari yenyewe, na kwamba yuko tayari. Baraza likakubali. Alipanda meli mwezi Oktoba, na mwezi Novemba 1936 akashuka Mombasa. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Kayole kama tunavyoijua haikuwapo. Nairobi aliyoikuta Edel ilikuwa mji uliogawanywa kwa rangi ya ngozi: Wazungu upande wao, Wahindi na Wagoa upande wao, Waafrika wakiwekwa huku mashariki, Pumwani na Kariakor, na kila mwanamume Mwafrika akitembea na kipande shingoni. Hata ibada ziliufuata ukuta huo. Edel alifanya kazi na wote, Waafrika, Wagoa na Wazungu, akianzisha vikundi kati yao na kuvisimamia. Alionywa na watu wa nia njema kwamba Waafrika hawako tayari kupewa jukumu la namna hii, kwamba hawatahudhuria mikutano ya kila wiki wala kuweka kumbukumbu. Hakubishana nao sana. Alianzisha kikundi, akachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina kutoka kwa Waafrika wenyewe, akakaa nao majuma kadhaa hadi wakazoea, kisha akasogea mahali pengine. Alishughulikia pia tafsiri za sala za Legio kwa Kiswahili na lugha nyingine, ili mtu asali kwa lugha anayoielewa.

Kutoka Nairobi alizunguka Kenya, akaenda Uganda, akaenda Tanganyika. Alikuwa na gari kuukuu aina ya Ford ambalo alilipa jina la Rolls-Royce kwa utani. Wenye kujua barabara zetu za udongo mweusi wakati wa masika watafahamu maana ya kusafiri kwa gari kama lile miaka ya 1930, ukiwa na mapafu ambayo hayakutoshi hata kupanda ngazi. Nairobi yenyewe iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa mtu mwenye kifua kizima. Waimbaji wetu wa soprano wanaolalamika kwamba pumzi inakatika katikati ya mstari wamkumbuke huyu mama.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka 1939 mambo yakawa magumu zaidi. Barua zilichelewa, petroli ikawa ya mgawo, safari za meli zikawa za hatari. Italia ilipoingia vitani mwaka 1940, wengi wa wamisionari wa Konsolata waliokuwa Kenya walikamatwa na kuwekwa kizuizini kwa sababu tu walikuwa Waitalia. Fikiria misheni ambayo jana ilikuwa na padre na leo haina. Katika hali kama hiyo, kikundi cha walei wanaojua kukutana wenyewe kila wiki, kusali wenyewe na kuwatembelea wagonjwa wao bila kungoja kuamriwa, ni kitu kikubwa. Edel hakuijua vita hiyo alipoanza kazi, lakini alichokuwa akikijenga kilifaa kwa wakati wa namna hiyo hasa.

Mwaka huo wa 1940 alikuwa kisiwani Morisi, kisha akaenda Nyasaland, nchi tunayoiita leo Malawi. Huko ndiko mwili ulikomshinda. Mwaka 1941 alipelekwa Afrika Kusini akiwa hoi, amekonda mno, akalazwa katika hospitali ya wagonjwa wa kifua karibu na Johannesburg, na baadaye akatunzwa na masista. Hakukuwa na mtu wa nyumbani kwao karibu naye, na vita vilizuia hata wazo la kurudi Ireland. Aliandika barua kutoka kitandani. Vikundi vya Kenya, Uganda, Tanganyika na Morisi vilimletea taarifa, naye akavijibu kimoja kimoja, akiuliza habari za wanachama na za wagonjwa waliokuwa wakitembelewa.

Mwanzoni mwa mwaka 1943 alirudi Nairobi. Hakuwa amepona, ila aliweza kusimama, na alitaka kumalizia siku zake kazini. Alifanya kazi mwaka mmoja na ushei, siku nyingine akiamka, siku nyingine akishindwa. Tarehe 12 Mei 1944 alifariki hapa Nairobi katika nyumba ya masista waliokuwa wakimtunza. Alikuwa na miaka 36. Alikuwa amekaa Afrika miaka saba na nusu, na mamia ya vikundi yalikuwa yameanzishwa kwa mikono yake.

Kuna jambo moja linalotuuma kila tunapolisoma. Mnamo Oktoba 1943, miezi saba tu kabla ya kifo chake, watafiti huko Marekani waligundua streptomisini, dawa ya kwanza iliyoweza kuua vijidudu vya kifua kikuu. Wagonjwa wa kwanza walianza kupona miaka michache baadaye. Edel hakuifikia.

Kwa nini tunaukazia ugonjwa huu katika kijitabu cha kwaya? Kwa sababu haujaondoka. Kenya ingali kati ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu duniani, na mtu yeyote anayekaa katika chumba kimoja cha ploti huku Soweto au Matopeni, watu sita na dirisha moja, anajua unavyosambaa. Katika miaka yetu 25, wenzetu wawili katika kwaya wameugua. Wa kwanza ni dada wa alto. Alipoanza kutumia dawa, mwenye nyumba alimtaka ahame kwa hofu ya wapangaji wengine, ingawa baada ya wiki chache za dawa mgonjwa kwa kawaida haambukizi tena. Yeye alimaliza dozi yake ya miezi sita na leo anaimba; tumeombwa tusimtaje, nasi tumeheshimu. Wa pili alikuwa mzee wetu wa besi. Alichelewa kwenda hospitali, na kulikuwa na ugonjwa mwingine juu ya huo. Huyo tulimsindikiza kwao Machakos kwa basi, tukamwimbia kaburini.

Tulipokuwa tukitayarisha makala hii tulifungua daftari la kumbukumbu la miezi ile ya ugonjwa wa mzee. Kila Jumapili kuna mstari mmoja unaosema nani na nani walikwenda kumwona, walimkutaje, na alihitaji nini. Jumapili moja alihitaji unga. Jumapili nyingine alihitaji mtu wa kumsomea masomo ya Misa, kwa kuwa macho yalikuwa yamechoka. Mara mbili alitaka waimbaji wa besi waje wamrudishie wimbo aliokuwa anausahau. Hakuna aliyemwahidi kwamba atapona. Kwa wiki kumi na tisa hakuna Jumapili ambayo hakuna aliyekwenda. Utaratibu huo wa kwenda wawili na kutoa taarifa tuliupata kwa mama mmoja mwanalegio aliyekuwa pia mwimbaji wetu, na yeye aliupata kwa waliomtangulia, na ukiufuatilia mnyororo huo nyuma nchini Kenya unafika kwa yule katibu wa Dublin mwenye mapafu mabovu.

Mwaka 2020 tulifundishwa tena. Makanisa yalipofungwa mwezi Machi kwa ajili ya korona, kwaya ilinyamaza. Yalipofunguliwa Julai, watu mia moja tu waliruhusiwa kanisani, kwa saa moja, na kuimba kwa pamoja kulionekana kuwa hatari kuliko kitu chochote. Ajira za vibarua viwandani na mjengoni zilikuwa zimekatika, na wengine wetu walikuwa wamerudi ushago. Wakati huo hatukuwa na nyimbo za kutoa. Tulikuwa na orodha ya majina na simu. Wawili wawili tuligawana orodha, kila mmoja akipigia watu wake kila wiki, na Jumapili jioni taarifa zikaletwa kwa katibu. Kuna waliosema baadaye kwamba simu ile ndiyo iliyowafanya wasikate tamaa. Kuna wawili ambao hawakurudi kwaya hata leo, nao bado wako katika orodha.

Turudi kwa Edel. Uchunguzi wa maisha yake ulianzishwa na jimbo la Nairobi katika miaka ya 1950. Tarehe 15 Desemba 1994, Papa Yohane Paulo II alitambua rasmi kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa. Ili atangazwe Mwenye Heri kunangojewa muujiza uthibitishwe kwa maombezi yake. Wanalegio wa Kenya wanaiombea nia hiyo, na itakuwa heri kubwa kwetu ikitimia, maana atakuwa mtu aliyezikwa katika ardhi ya Nairobi.

Kaburi lake liko katika makaburi ya wamisionari pale Mtakatifu Austin, Msongari. Ni kaburi la kawaida kati ya makaburi ya mapadre na masista. Karibu naye alizikwa Askofu Joseph Shanahan, mmisionari mashuhuri wa Nigeria aliyefia Nairobi Krismasi ya mwaka 1943, hadi mabaki yake yaliporudishwa Nigeria mwaka 1956. Edel amebaki hapa.

Kwaya itakwenda huko kwa hija Jumamosi inayofuata sherehe za Jubilei. Tutaondoka Kayole Junction saa moja asubuhi. Wenye nafasi ya kuketi kwanza ni wazee na wanaougua, na dada yetu wa alto ndiye atakayeongoza rozari. Jamaa za wanakwaya wanakaribishwa. Nauli ipewe mweka hazina kabla ya Alhamisi, na asiyekuwa nayo amwone katibu baada ya Misa ya pili.